Mashine haifundishi: mwalimu anayekua ndiye anayefundisha



Katika shule nyingi za Kanisa huku mashariki ya Kongo, siku ya kupokea kompyuta au projekta ni siku ya furaha. Mchungaji anaomba, komite ya wazazi inashukuru, watoto wanaimba. Lakini si mara moja tumeona ya kwamba, mwaka wa masomo ukiisha, mashine hiyo iko kabatini katika biro ya direkteri, imefunikwa kitambaa na kufungiwa kwa kufuli. Haikuharibika, wala hakuna aliyeikataza. Ni kwamba hakuna mwalimu aliyejisikia huru kuichukua na kuingia nayo darasani.

Katika makala hii tunataka kueleza kwa nini inakuwa hivyo, na ni kitu gani kinachobadilika ndani ya mwalimu anapojifunza kutumia vyombo hivi. Tunaamini ya kwamba kazi kubwa haiko katika mashine. Iko katika mwalimu mwenyewe, anayekubali kuwa mwanafunzi tena mbele ya watu waliozoea kumwita mwalimu. Na kazi hiyo ina gharama ambayo makusanyiko yetu yanaweza kumsaidia kubeba.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Tangu mapatano ya mwaka 1977 kati ya Serikali na Makanisa, shule nyingi za nchi yetu ziko mikononi mwa Makanisa. Serikali inatoa programu ya masomo na mitihani, Kanisa linasimamia shule kila siku. Ndiyo maana tunaziita konvansione. Kwa hiyo mwalimu wa shule yetu akikwama, hatuwezi kusema kwamba ni shida ya Kinshasa peke yake.

Mambo mawili yameongeza mzigo wa mwalimu katika miaka hii. La kwanza, tangu Septemba 2019 elimu ya msingi ya serikali ni bure, na watoto wengi waliokuwa nyumbani wameingia shuleni. Tunashukuru Mungu kwa hilo. Lakini darasa lililojengwa kwa ajili ya watoto 40 sasa linabeba wengi zaidi, na mahali penye vita wanaongezeka tena watoto wa familia zilizokimbia. La pili, programu mpya ya sayansi katika darasa la 7 na la 8 imeweka teknolojia ya habari na mawasiliano kati ya masomo yenyewe.

Sasa tumtazame mwalimu aliyepata diploma yake ya pedagojia miaka 20 au 25 iliyopita. Alifundishwa kuandika vizuri ubaoni, kutayarisha fishi ya somo, kutawala darasa kwa sauti na kwa macho. Alifanya vizuri. Leo anaambiwa afundishe kitu ambacho yeye mwenyewe hakufundishwa na mtu. Na mbele yake kuna watoto wanaocheza na simu za wakubwa wao tangu wakiwa wadogo. Anaogopa kubonyeza mahali pasipofaa, darasa likacheka. Kwake, heshima yake ndiyo mali aliyobakiwa nayo, hasa ikiwa yuko kati ya wale wanaofanya kazi bila mshahara wakingoja majina yao yaingie kwenye orodha ya malipo. Tusimhukumu haraka na kusema ni mvivu au ni mtu wa zamani. Hofu yake ina sababu.

Vyombo peke yake havitoshi

Nchi ya Peru, huko Amerika ya Kusini, ilinunua kompyuta ndogo nyingi sana na kuzigawa kwa watoto wa shule za vijijini. Watafiti walifuatilia shule 319, wakalinganisha zile zilizopata kompyuta na zile ambazo hazijapata. Matokeo yao yalitoka mwaka 2012: watoto walikuwa na kompyuta nyingi zaidi na walizitumia, lakini katika hesabu na lugha hawakuonekana kuwapita wenzao. Mashine zilifika, lakini namna ya kufundisha ilibaki ileile.

Sababu yake tunaielewa vizuri tukisikiliza wataalamu wa ualimu. Mwaka 1986 Mmarekani Lee Shulman alieleza kwamba kujua somo ni kitu kimoja, kujua kufundisha kwa jumla ni kitu kingine, na kwamba mwalimu mzuri ana ujuzi wa tatu unaounganisha hivyo viwili: anajua namna ya kulifundisha somo lile lenyewe. Mwaka 2006 Punya Mishra na Matthew Koehler waliongeza ujuzi wa vyombo vya teknolojia. Walisema vyombo havipaswi kujifunzwa pembeni kama kitu kinachojitegemea, bali pamoja na somo na pamoja na namna ya kufundisha.

Tuchukue mfano wa somo la moyo katika darasa la 8. Mwalimu anajua ya kwamba moyo una vyumba vinne, upande wa kuume unapeleka damu mapafuni, upande wa kushoto unaipeleka katika mwili mzima, na vali zinazuia damu kurudi nyuma. Huo ni ujuzi wa somo. Anajua pia mahali watoto wanapochanganyikiwa: katika mchoro, upande wa kushoto wa moyo unaonekana kuumeni kwa anayetazama. Huo ni ujuzi wa kufundisha somo hilo.

Sasa akiwa na video fupi kwenye simu au projekta, aitumie wapi? Si kwa kila kitu. Unene wa ukuta wa kushoto, ambao ni mkubwa kwa sababu unasukuma damu mbali, watoto wanauelewa vizuri zaidi wakigusa moyo wa mbuzi ulionunuliwa kwa mchinjaji na kupasuliwa mbele yao. Lakini moyo wa mbuzi aliyekufa hauonyeshi vali zikifunguka na kufunga. Hapo ndipo video inapofanya kazi ambayo chaki haiwezi. Mwalimu anaizima sauti, anaisimamisha katikati, anauliza: "Vali hii ikibaki wazi, damu itakwenda wapi?" Mwalimu aliyefika hapo ameanza kutawala chombo, na kujua kubonyeza ni sehemu ndogo tu ya ujuzi wake.

Hatua tatu za kukua

UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia elimu, lilitoa mwaka 2018 mpango wenye ujuzi 18 ambao mwalimu anahitaji katika mambo haya, ukiwa na ngazi tatu: kupata maarifa, kuyazamisha, na kuunda maarifa mapya. Tukiziweka ngazi hizo katika maisha ya shule zetu, zinafanana na hivi.

*Hatua ya kwanza: simu inakuwa daftari la mwalimu.* Mwalimu anaanza peke yake, jioni, bila watoto kumtazama. Hapa wengi wanadhani ni lazima kuwa na intaneti kila saa, na mega ni pesa. Mbele ya mwalimu mwenye mkebe wa unga wa kununua, mega zinashindwa. Lakini kuna njia. Programu inayoitwa Kiwix, iliyoanza mwaka 2007, inahifadhi kamusi elezo ya Wikipedia ndani ya simu au kompyuta. Ukishaipakua mara moja, au ukainakili kutoka kwa mwenzako kwa kadi ya memori, unaisoma bila intaneti kabisa. Programu nyingine, Kolibri, inawekwa kwenye kompyuta moja na kuhifadhi video na mazoezi ya hesabu na sayansi, hata kwa Kifaransa. Simu na kompyuta nyingine zilizo karibu zinaungana nayo kwa Wi-Fi ya kifaa kidogo ambacho hakihitaji intaneti. Shule moja ikipakua mara moja mjini, inaweza kutumia mwaka mzima.

*Hatua ya pili: chombo kinaingia darasani.* Ushauri wetu ni kuanza na kidogo sana. Katika somo lile la moyo, mwalimu mwenye simu moja tu anaweza kutumia saa yake ya kuhesabu sekunde. Watoto wote, hata wakiwa 60, wanaweka vidole kwenye mkono na kuhesabu mapigo kwa sekunde 30, kisha wanaruka mara 20 uwanjani na kuhesabu tena. Wanazidisha kwa mbili, wanaandika ubaoni, wanalinganisha. Hakuna umeme, hakuna mega, hakuna projekta, na darasa zima limefanya sayansi. Baada ya hapo inaweza kuja bafle ndogo ya kusikilizisha matamshi ya Kifaransa, kisha projekta.

*Hatua ya tatu: mwalimu anaunda na kugawa.* Anarekodi kwa sauti yake hadithi fupi kwa Kiswahili kwa ajili ya watoto wa darasa la 1 na la 2, ambao sheria ya elimu ya mwaka 2014 inataka wafundishwe kwa lugha ya kitaifa au ya mazingira yao. Anatengeneza maswali yake, anapiga picha za mimea ya kijiji chake kwa somo la biolojia. Kisha anawaonyesha walimu wenzake katika selule ya msingi, ule mkutano wa walimu wa shule moja ambapo mmoja anatoa somo la mfano na wengine wanalichambua. Mpango huo tunao tayari katika shule zetu. Tukiutumia vizuri, hatuhitaji kungoja semina ya hoteli mjini.

Kinachobadilika ndani ya mtu

Mwalimu aliyepita katika hatua hizi hatoki na ujuzi wa mashine tu. Tumeona ya kwamba mambo manne yanageuka katika tabia yake.

Kwanza, anajifunza kusema: "Sijui, tutafute pamoja." Kwa mwalimu wa zamani neno hilo lilikuwa aibu. Lakini mtoto anayemsikia mwalimu akisema hivyo, na kumwona akitafuta na kupata, anafundishwa kitu kikubwa kuliko jibu lenyewe: namna mtu mzima anavyojifunza. Heshima ya mwalimu haianguki. Inahama kutoka kwa kujua yote na kukaa katika kusema kweli.

Pili, anatayarisha zaidi. Watu wanadhani mashine inapunguza kazi. Mwanzoni inaongeza. Ni lazima kutazama video yote mbele, kuona kama inalingana na programu ya taifa, kuchaji betri, na kuwa na somo la chaki tayari ikiwa umeme utakatika. Mwalimu aliyezoea kusoma fishi ya mwaka jana anajikuta anawaza upya: nataka mtoto aelewe nini hasa saa hii?

Tatu, anapima habari. Si kila kilichoandikwa kwenye simu ni kweli. Hata zile programu za akili bandia zinazojibu maswali kwa maneno mazuri zinaweza kutoa jibu la uongo kwa sauti ya uhakika. Mwalimu anayelinganisha jibu na kitabu, na kitabu na jambo analoliona kwa macho, anawapa watoto kinga dhidi ya uvumi. Katika mikoa yetu, ambako ujumbe mmoja wa uongo kwenye simu unaweza kuwakimbiza watu usiku au kuwachochea jirani dhidi ya jirani, kinga hiyo ni jambo la uhai.

Nne, anakubali kufundishwa na mdogo wake. Mara nyingi anayejua mashine ni mwalimu kijana aliyefika juzi. Kijana akisema kwa adabu, "Papa Mwalimu, naomba nikuonyeshe", na mzee akikaa chini kuonyeshwa, uhusiano wao unabadilika. Na kijana naye anapokea: mzee anajua kutawala darasa, anajua mahali watoto wanapokwama, anajua namna ya kuongea na mzazi mwenye hasira. Kila mmoja ana kitu ambacho mwenzake hana.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 18 tunasoma habari za Apolo. Alikuwa msemaji hodari na alijua Maandiko vizuri. Lakini Priskila na Akila, waliokuwa mafundi wa kushona hema, walimsikia, wakamchukua kwao na kumweleza Njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Hawakumwaibisha mbele ya watu. Na yeye hakukataa kwa sababu ya sifa aliyokuwa nayo. Baada ya hapo aliendelea kufundisha, akawa msaada mkubwa kwa waamini wa Akaya. Mwalimu wa leo anahitaji moyo wa Apolo, na shule inahitaji watu wa namna ya Priskila na Akila.

Mambo ya kuangalia

Tusifunike hatari. Somo linaweza kugeuka kuwa sinema: watoto wanatazama, wanafurahi, hawaandiki wala hawaulizi. Dakika tano za video na dakika 30 za maswali na mazoezi ni afadhali kuliko kinyume chake.

Hatari nyingine ni picha za watoto. Mwalimu anayefurahia kazi yake anataka kuionyesha kwenye WhatsApp au Facebook. Lakini katika eneo la vita, picha yenye uso wa mtoto, jina la shule na mahali ilipo inaweza kufika mikononi mwa watu wabaya. Kazi ionyeshwe kwa picha ya ubao, ya daftari, ya mikono. Nyuso na majina tuyalinde.

Tena tusidharau vyombo vya zamani. Mwezi wa Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya Covid-19, Radio Okapi ilirusha masomo hewani. Familia nyingi ambazo hazina simu kubwa zina radio ndogo. Mwalimu anayejua kufundisha kwa sauti peke yake, akieleza umbo la pembetatu bila kuchora, naye amepiga hatua ya kweli.

Kusanyiko linaweza kufanya nini

Msaada wa kwanza ni jua. Paneli moja ya wati 100, ikipata saa tano za jua zuri, haiwezi kutoa zaidi ya wati-saa 500; tukiondoa zinazopotea njiani tuhesabu 350 hivi. Projekta ndogo ya wati 60 na kompyuta ya wati 50 zinakula 110 kwa saa. Basi paneli hiyo inatosha saa tatu za masomo kwa siku, si zaidi. Siku ambayo projekta haifanyi kazi, umeme uleule unachaji simu zaidi ya 10. Makanisa mengi yana paneli kwa ajili ya vyombo vya sauti vya Jumapili. Kutoka Jumatatu mpaka Ijumaa jua linawaka pia. Wazee wa kanisa na prefe wanaweza kukaa na kupatana: nani anatumia, siku gani, na nani atalipa betri ikichoka. Bila kupatana juu ya betri, mradi utakufa pamoja nayo.

Msaada wa pili ni wakati. Mwalimu hawezi kujifunza akiwa darasani asubuhi na shambani jioni kila siku. Saa mbili kwa juma za selule ya msingi, zilizolindwa na mkuu wa shule, ni zawadi kubwa kuliko kompyuta moja.

Msaada wa tatu ni watu. Katika kila kusanyiko kuna kijana anayetengeneza simu sokoni, mwanafunzi wa chuo aliye katika vakansi, dada anayefanya kazi ya kuchapa barua. Hao wanaweza kukaa na walimu Jumamosi moja kwa mwezi, bila kelele na bila kicheko.

Msaada wa nne ni ufunguo. Tunaomba wakuu wa shule waweke daftari ambamo mwalimu anaandika jina, saa aliyochukua mashine na saa aliyoirudisha, kisha wafungue kabati. Ni kweli, mashine inayotumika inaweza kuharibika. Lakini ile inayobaki chini ya kitambaa imepotea tayari, na pamoja nayo mwalimu ambaye angekua.

Ndugu mzazi, mtoto wako akirudi nyumbani na kusema, "Leo mwalimu alisema hajui, halafu tukatafuta wote", usimcheke mwalimu huyo. Mwombee, na ukikutana naye njiani mshike mkono. Ana kazi ngumu kuliko ile tuliyomkabidhi zamani, na anaifanya kwa ajili ya mtoto wako.